Ombi la Kunyang'anywa Shahada Niliyoipata Kirahisi

Zahanati ya Bracken Fork,
Missouri.
11 Machi

Kwa Dkt. Roland Piersall,
Mkuu wa Chuo cha Udaktari wa Osteopathia cha Marlow Bluff.

Mheshimiwa Mkuu,

KUH: HADHI YA CHUO CHETU, NA JINSI MIMI NINAVYOICHAFUA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, katikati ya pongezi. Jarida la wahitimu lilinifikia jana, na ukurasa wa kwanza nimeusoma mara mbili: waombaji elfu saba na mia nne, nafasi mia moja na sitini. Wawili tu katika kila mia. Chini yake kuna jedwali linalotulinganisha na vyuo vingine vya osteopathia, udaktari wetu huu wa kutibu kwa mikono, na jina letu liko juu kabisa ya wale jirani zetu wa ng'ambo ya mto, ambao mmewaandika kwa wino wa kijivu kama marehemu. Wao wanachukua wanane katika mia. Sijui wanalalaje.

Niliusoma ukurasa huo kwa sauti pale mapokezi. Lorna Tibbets, ambaye amewapokea wagonjwa wangu kwa miaka ishirini na miwili, hakuinua kichwa. Alisema, "Daktari, hilo jarida lisome kimyakimya. Mwanangu yumo humo." Nikamwuliza yuko ukurasa gani. Akasema, "Kwenye hiyo elfu saba."

Binti yake, Tessa, mlimkataa Januari. Barua ya mapendekezo niliiandika mimi. Nina miaka sabini na sita, na nilikuwa nimekubali kuendelea na kazi mpaka Tessa amalize masomo aje akae kwenye kiti changu, maana katika wilaya nzima hakuna mwingine anayekitaka. Barua yenu ilipofika niliandika tangazo la kufunga zahanati mwisho wa Juni. Daktari wa karibu baada ya hapo yuko maili sitini. Lakini siandiki kumlilia Tessa. Naandika kuitetea hadhi ya chuo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Waombaji mnaojivunia si wenu peke yenu. Mwombaji hujaza fomu moja, akaweka alama kwenye vyuo anavyovitaka, na fomu ileile ikaenda kote. Tessa aliweka alama kumi na moja. Kwa hiyo binti mmoja wa Bracken Fork amehesabiwa kama umati, na kila chuo kimejipamba kwa Tessa yuleyule. Naomba tutende haki. Mkimkataa, jihesabieni sehemu yenu tu, yaani moja ya kumi na moja ya Tessa, na isizidi hapo.

2. Jirani zetu wamehesabu kila mtu waliyempa barua ya kukubaliwa. Ninyi mmehesabu viti. Nimeuliza, nikaambiwa kwamba mlitoa barua mia nne ili mpate watu mia moja na sitini, kwa kuwa waliobaki waliamua kusoma kwingine, na baadhi yao walivuka mto. Sipingi hesabu hiyo, ni nzuri sana. Naomba tu na sisi wahitimu tufundishwe, maana ningependa kuwahesabu wagonjwa wangu kwa namna inayonipendeza mimi.

3. Hapa ndipo penye donda. Mwaka 1974 tuliomba watu mia mbili na kumi na mmoja, tukachukuliwa tisini na sita. Karibu nusu! Dwight Ossenfort, mfugaji wa nguruwe anayekuja kila Jumanne kwa ajili ya mgongo wake, aliposikia alicheka mpaka ikabidi nimshike asianguke kitandani. "Kumbe uliingia mlango ukiwa wazi, daktari," akasema. "Na mimi miaka yote hii nakuvulia shati." Kama ubora wa daktari hupimwa kwa idadi ya waliofungiwa nje siku alipoingia, basi mimi ni tapeli wa miaka mingi, na naomba shahada yangu ifutwe mara moja.

4. Shahada ikifutwa, haitakuwa haki kuyaacha matokeo yake yakizurura mitaani. Mikono hii mliifundisha ninyi kuutafuta ugonjwa kwenye misuli na mifupa kabla kalamu haijakimbilia dawa, na imeponya watu bila sifa. Watu hao warudishiwe magonjwa yao. Dwight arudishwe kwenye banda alimokwama amechuchumaa mwaka 1988, achuchumae palepale. Nimezalisha pia watoto mia tatu na kumi na wanne. Nimewauliza mama wachache kama wangekubali kuwarudisha, na nasikitika kuripoti kwamba ushirikiano ni mdogo. Lorna ndiye aliyekataa kwa ukali kuliko wote. Tessa alizaliwa mikononi mwangu wakati wa dhoruba ya theluji, kamba ya kitovu imemzunguka shingo mara mbili. Ningejua mapema takwimu za mwaka wangu nisingethubutu kuigusa ile shingo ndogo.

5. Wawili katika mia ni wengi mno. Mwakani jirani zetu wanaweza kushuka hadi mmoja, na sisi tutaandikwa kwa wino wa kijivu. Napendekeza tusimpokee mtu yeyote. Chuo kisichopokea mtu hakiwezi kupitwa, hakina mwanafunzi wa kufeli, na zile meza za kufanyia mazoezi ya mikono zinaweza kutumika kwenye harusi. Na jirani wakituiga, tuanze kuwakataa hata wasioomba. Dwight yuko tayari kukataliwa wakati wowote, isipokuwa Jumanne. Ameniambia, "Waniandikie tu. Mimi mnadani nakataa nguruwe kila wiki, wala hakuna aliyenipiga picha ya jarida."

6. Jambo la mwisho ni zito kwangu kulitaja, lakini hadhi haina upendeleo. Mwaka 1996 nilikaa kwenye kamati ya usajili. Jina la mwisho kwenye orodha ya waliokuwa wakisubiri lilikuwa la kijana mmoja ambaye alama zake za kemia zilitufanya tutazamane. Mwenyekiti alimwuliza kwa nini anataka kuwa daktari. Wengine wote siku ile walikuwa wamejibu kwa insha. Yeye alisema, "Kwetu hakuna daktari. Mama anapelekwa maili hamsini kwa gari, na njia nzima anatapika." Nilinyoosha mkono juu, na wenzangu wawili wakanyoosha kwa kuniona mimi. Kijana huyo alikuwa wewe, Roland. Tessa naye aliandika karibu maneno hayohayo, tofauti yake ni maili kumi tu zaidi. Sijui kama kuna mtu aliyeyasoma. Kwa kuwa tulikupokea kwa uzembe, naomba na shahada yako iambatane na yangu, katika bahasha moja ili kuokoa karatasi.

Nisalimie kamati nzima ya usajili, na yule aliyechora jedwali, maana ana mkono mwepesi. Msalimie mama yako pia, ambaye nasikia siku hizi ana daktari karibu. Lorna naye anakusalimu, kwa kiasi.

Wako mtiifu, mpaka hapo nitakapofutwa,

Dkt. Merle Ketterling
Mhitimu wa mwaka 1978

N.B. Nilikuwa nalamba bahasha Tessa alipopiga simu. Amechukuliwa na jirani zetu wa ng'ambo ya mto, wale wa wanane katika mia. Lorna alikaa sakafuni palepale na kulia, na mimi, ambaye nimeandika yote uliyoyasoma hapo juu, swali la kwanza lililonitoka mdomoni lilikuwa: "Waombaji walikuwa wangapi?" Tessa akasema, "Sikuuliza hilo, daktari. Niliuliza masomo yanaanza lini." Nimeona aibu, na nimemwomba radhi.

Kwa hiyo tafadhali puuza malalamiko yote, la kwanza hadi la sita. Miaka minne ya chuo na mitatu ya mafunzo hospitalini ni saba, na bila shahada siwezi kuishikilia zahanati muda wote huo. Nitakuwa na miaka themanini na mitatu. Tangazo la Juni nimelibandua mlangoni, na Dwight ameahidi kutoinua kitu kizito mpaka Tessa arudi.