Aliyefinyanga Buli la Bibi

Lenzi aliliona lile buli akiwa ameinua mikono yote miwili kama mtu aliyekamatwa, huku fundi cherehani akimpima kifua kwa futi. Mtu mwingine angeshusha mikono kwanza. Yeye alibaki vile vile, mikono juu, macho kwenye rafu, na kichwani mwake biashara ilikuwa imeshafunguliwa.

Buli lilikaa kati ya mkebe wa vifungo na picha ya marehemu mwenye masharubu. Lilikuwa la udongo wenye rangi ya majani makavu, tumbo la mviringo, mkono wa fito zilizosukwa, na pengo dogo kwenye mdomo wa kumiminia.

"Dada, hilo buli limetoka wapi?"

"Japani," alisema fundi, pini tatu zikiwa midomoni. "La mama yangu. Alipewa siku ya harusi. Geuka."

Akageuka, akakutana na mama mwenyewe. Alikuwa bibi mwembamba aliyeketi kwenye kigoda pembeni, akitunga uzi sindanoni bila miwani, tena kwa jaribio la kwanza. Mtu mwenye akili angeliona hilo na kwenda zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ninachotaka duniani ni kimoja. Nimjue aliyelifinyanga buli hilo, nimshukuru, kisha nife."

"Usife wiki hii," fundi akamwambia. "Kuna vifungo vya watu havijashonwa."

Sasa, mjini pale walimwita Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokibeba kwenye mfuko wa shati. Kwa kioo hicho aliwahi kuthibitisha kwamba sahani ya mkahawa ni ya mfalme aliyepinduliwa, na kwamba jiwe la kusugulia visigino lilianguka kutoka mwezini. Mwilini mwake vitu vya kweli vilikuwa viwili tu. Cha kwanza ni jino la mbele la dhahabu. Cha pili ni saa ya mkononi aliyoachiwa na baba yake, dereva wa treni ambaye hakuchelewa hata siku moja, hakudanganya hata siku moja, na alikufa bado anajiuliza mtoto huyu alimtoa wapi. Lenzi aliwahi kuuza vitu vingi, karibu vyote vya watu wengine. Saa ile hakuiuza hata alipolala njaa.

"Saa utaivaa na koti?" aliuliza fundi, ameushika mkono wake. "Nijue kuacha nafasi."

"Hii na mimi hatuachani, dada. Ni ya marehemu baba."

"Nzuri," alisema fundi, akaandika kitu kwenye daftari lake la vipimo.

Lenzi akaomba kulishika buli. Akalipindua, akatoa kioo, akaanza kuhema. Chini ya buli zilichorwa herufi za Kijapani zilizosimama kwenye mstari mmoja. Hakujua kusoma hata moja, lakini hilo halijawahi kumzuia mtaalamu yeyote.

"Bibi," alisema kwa sauti ya msibani, "naomba uketi."

"Nimeketi."

"Basi endelea kuketi. Hii ni alama ya ukoo wa wafinyanzi wa milimani. Wanafinyanga buli moja kwa mwaka."

"Wanakula nini miezi mingine?" aliuliza fundi.

"Wanatafakari, dada." Lenzi akalirudisha buli rafuni kana kwamba anamlaza mtoto mchanga. "Nina watu wangu kule. Nitaandika barua, nitamtafuta mfinyanzi au wajukuu zake. Na kwenu sitaki hata senti moja."

Hapa tusimame kidogo. Anayetaka senti ni tapeli wa kawaida, unaweza kupatana naye. Asiyetaka hata senti moja, mfungie mlango kwa komeo mbili.

Fundi hakufunga mlango. "Basi na mimi koti nitakushonea bure," alisema. "Utalichukua siku mfinyanzi akipatikana. Ila nakuomba kitu kimoja, kaka. Usipite kwa yule mzee muuza vikuukuu, nyuma ya soko. Ni shemeji yake mama, na moyo wake si mzuri. Ana vyombo vinavyofanana na hivi, lakini usikanyage kwake."

"Siwezi kukanyaga," alisema Lenzi, na dakika ishirini baadaye alikuwa mlangoni kwa yule mzee.

Alichohitaji ni buli la kufanana: aliweke mahali pa lile la kweli, kisha lile la kweli amuuzie daktari wa meno mstaafu, aliyesomea Japani na kujaza nyumba yake vyombo vya udongo hadi bafuni. Alitegemea kupata kitu cha kukaribiana, akipake masizi, aombe Mungu. Lakini juu ya kabati la mzee, kati ya saa za ukutani zilizobishana kuhusu wakati, lilikaa buli lile lile. Rangi ile ile. Fito zile zile. Hata pengo kwenye mdomo lilikuwa pale pale.

Mtu mwingine angejiuliza mabuli mawili yanapataje pengo moja. Lenzi alimshukuru Mungu kwa ukarimu wake, akauliza bei.

"Umetumwa?" Mzee alikuwa amevaa saa tatu mkono wa kushoto na mbili wa kulia. "Kuna mwanamke mmoja mjini hapa simuuzii hata kijiko. Wala binti yake. Wala yeyote anayetoka kwao."

"Nani wa kunituma mimi, mzee wangu? Napenda chai tu."

"Pesa sitaki." Macho ya mzee yalikuwa yameshatua kwenye kiwiko cha mkono wa Lenzi na kuteremka. "Hiyo ni saa ya reli. Sijaiona nyingine tangu nikiwa kijana."

Lenzi akaufunika mkono. Alitoka nje. Alirudi. Alitoka tena, akasimama kwenye kona akiisikiliza saa sikioni kama anayeomba ushauri. Akajiambia ni siku tatu tu. Daktari akishalipa, atakuja kuikomboa, na marehemu hatajua. Akarudi, akaivua. Ngozi iliyokuwa chini yake ilikuwa nyeupe kidogo, na ilimwonea aibu.

"Nitairudia," alisema.

"Wote husema hivyo," alisema mzee, akaivaa juu ya zile mbili.

Alipolipindua buli njiani, aliona chini yake muhuri mdogo wa ua, si zile herufi. Hakujali. Nani hupindua buli?

Siku mbili baadaye aliingia kwa fundi na barua.

"Kutoka Japani," alitangaza. "Wamejibu."

Fundi akaichukua bahasha, akaitazama. "Wajapani nao wanatumia stempu zetu?"

"Ni makubaliano ya posta, dada. Mapya."

"Na imefika kwa siku mbili."

"Ilipata upepo."

Barua, ambayo Lenzi aliiandika kwa mkono wa kushoto ili iwe na lafudhi, ilisema kwamba mjukuu wa mfinyanzi yu hai, anawasalimu, anakula vizuri, na anaomba picha ya buli iliyopigwa nje, kwenye mwanga wa asubuhi, mbali na macho ya watu.

"Kwa nini mbali na macho ya watu?" aliuliza bibi.

"Buli la Kijapani lina haya, bibi."

"Kama mimi nilipoolewa," alisema bibi. "Mpeleke uani, binti yangu, halafu umwache. Asisumbuliwe."

Lenzi alikaa uani kwa dakika tatu na begi lake. Alitoka na uso wa mtu aliyetoka ibadani, akalikabidhi buli mikononi mwa bibi. Bibi alilipokea, akapitisha kidole gumba kwenye pengo, polepole, kisha akafumba macho. Machozi mawili yakamshuka.

Lenzi alihisi kitu kifuani. Alidhani ni njaa, akaaga.

Daktari wa meno mstaafu alimkaribisha sebuleni, akalipokea buli kwa mikono miwili. Alilisifu umbo. Akalisifu udongo. Kisha akalipindua, akasoma, akaanza kucheka. Alicheka hadi mke wake akaja na maji.

"Imeandikwa nini?" aliuliza Lenzi. "Jina la ukoo?"

"Imeandikwa," alisema daktari akijipangusa macho, "'Tia mafuta hapa.'"

"Labda ni desturi yao ya kale."

"Bwana, nimekaa kule miaka tisa. Buli halitiwi mafuta. Na udongo huu haujamaliza hata mwezi tangu utoke tanurini. Nitakupa nauli ya kurudia, maana umenifurahisha."

Lenzi hakuichukua nauli. Alirudi kwa miguu, haraka, begi likimgonga nyonga, akaingia kwa fundi bila hodi. Fundi alikuwa kwenye cherehani, anamalizia kola ya koti. Ilikuwa cherehani nyeusi ya zamani, na Lenzi aliwahi kusimama kando yake nusu saa nzima mikono juu. Sasa ndipo alipoiangalia. Karibu na gurudumu kulikuwa na kitundu kidogo. Juu ya kitundu palikuwa na herufi za Kijapani zilizosimama kwenye mstari mmoja.

Fundi akachukua kopo, akatia mafuta.

"Karibu, kaka," alisema. "Mfinyanzi kapatikana?"

"Mmenitapeli," alisema Lenzi, kwa mshangao wa mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. "Buli ni la bandia."

"Lipi?" aliuliza bibi kutoka kwenye kigoda. Lile lenye muhuri wa ua lilikuwa mapajani mwake, linatoa mvuke. "Hili ni la harusi yangu. Pengo hili nilimgonga nalo marehemu mume wangu, mwaka wa pili wa ndoa. Yeye akalipoteza kwenye karata kwa mdogo wake, na shemeji huyo akaapa sitalipata tena. Nimekwenda kwake mara kumi na tisa."

"Na lile nililo nalo?"

"Umemtafuta mfinyanzi kwa bidii, mjukuu wangu. Ni mimi. Tanuri liko uani, ulikaa juu yake siku ile ukibadilisha."

Lenzi akaugeukia mlango. "Nitakwenda polisi."

"Nenda," alisema fundi. "Waambie uliiba buli uani kwetu, na halikuwa lile ulilokusudia kuiba. Wataandika."

Lenzi akaketi kwenye benchi la wateja. Aligusa mkono pale palipokuwa na saa. "Ile saa," alisema, na kwa mara ya kwanza mjini pale sauti yake haikuwa na marashi, "ilikuwa ya baba yangu kweli."

"Tunajua," alisema fundi. "Ndiyo maana tulikuchagua. Kabla yako walipita matapeli wawili, wana mikufu tu, hawana saa. Shemeji yake mama hapendi mikufu." Akamvalisha koti. Lilimkaa vizuri mno, ila mkono wa kushoto uliachiwa nafasi ya saa, na sasa ulining'inia.

Bibi alimiminia chai kwenye bilauri, akampa. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa huruma, au kwa kitu kinachofanana na huruma.

"Buli hili lilikuwa na vikombe vyake vitano," alisema. "Bado viko kwa shemeji, kabatini. Ukiviona vimerudi hapa, mimi mwenyewe nitakufinyangia kitu cha kumtoa shemeji saa yako mkononi."

"Vikombe nitavipataje, bibi? Sina kitu tena."

Bibi akaegemea mbele.

"Hebu cheka kidogo," alisema. "Hilo jino ni dhahabu yenyewe?"

Na Lenzi, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu alipojifunza kusema, aliufunga.