Taa ya Magurudumu na Upande wa Mama Mkwe

Nimeadhirika leo, ndugu zangu. Hadharani, asubuhi kweupe, nikiwa nimevaa suti.

Kwanza mjue hali yangu. Maman Béatrice, mama wa mchumba wangu Clarisse, tangu anijue ananiita "monsieur", yaani "bwana" tu. Kama mtu wa posta! Wiki ijayo familia yao inakaa kuamua kama nikubaliwe kuleta posa, na neno la mwisho ni lake. Leo ndiyo mara ya kwanza amekubali kupanda gari langu, kutoka kwake Koekelberg mpaka kanisani Auderghem, upande wa pili wa mji huu wa Wazungu. Kwa hiyo gari lilioshwa, nami nikaoshwa. (Nilipaka mafuta mpaka nyuma ya masikio.)

Jana nilivua magurudumu ya kiangazi na kufunga ya baridi, niliyoyanunua kwa mtu. Clarisse alinionya: "Peleka kwa garagiste. Hii gari iko na taa ya pneu, ile ya kuchunga upepo wa magurudumu, itakusumbua." Mimi niende kwa fundi? Nikatupa ya kiangazi ndani ya buti, nikapima upepo mwenyewe, nikazunguka mji hadi jioni. Taa kimya. Nikampigia Clarisse simu kumringia. "Unaona? Taa inamujua patron wake."

Asubuhi Maman akatoka na sufuria la pondu, yaani kisamvu, la kula baada ya ibada. Sufuria la kutosha kuogeshea mtoto! Buti halikuwa na nafasi, basi nikashusha magurudumu yote ya kiangazi nikayaweka kwenye cave yake, yaani ile stoo ya chini ya nyumba. Nikarudi nikinuka mpira, lakini adabu zangu zote ninazo.

Mbele akakaa Tonton Fidèle, mdogo wake Maman. Nyuma kushoto Clarisse, ambaye upepo ukivuma huwa namshika mkono asipeperuke. Nyuma kulia Maman mwenyewe. Gari likainama kidogo, kama linamwamkia.

Hata Basilika, lile kanisa kubwa la mtaani kwake, hatujaipita, ting! Taa ya njano, ile yenye picha kama chungu na alama ya mshangao ndani yake.

Nikafikiri haraka. (Hapo ndipo nilipoharibu. Sikuumbwa kwa kazi hiyo.) Jana taa haikuwaka, leo imewaka. Kitu kipya ndani ya gari ni kimoja tu, na kimevaa kitenge.

Sasa kwetu mkwe hasemi ovyo na mama mkwe. Neno linapitia kwa mtu, macho chini. Nikamnong'oneza Tonton: "Naona pneu ya nyuma kuume imelemewa." Nilitaka ushauri tu! Tonton akadhani ametumwa. Akamgeukia dada yake, akasafisha koo.

"Yaya, monsieur anasema gari imeshindwa buzito. Ya nyuma. Kuume."

"Kuume ni nani?" Maman akauliza, naye anajua vizuri sana.

"Ni wewe, yaya."

Clarisse akafumba macho. Mimi nikatamani usukani unimeze.

"Asimamishe."

Nikasimama mbele ya kituo cha basi, na kituo kilikuwa kimejaa. Maman akashuka taratibu, akarekebisha kilemba.

"Bon. Nimeshuka. Fidèle, umuulize, taa imezimika?"

Inawaka.

"Shuka na wewe." Tonton akashuka. Inawaka. Clarisse akashuka. Inawaka. Sufuria la pondu likatolewa, likakalishwa kwenye benchi, bibi mmoja wa Kizungu akamvuta mbwa wake mbali nalo. Inawaka! Mwishowe nikashuka hata mimi.

Maman akachungulia dirishani, akaitazama ile taa muda mrefu.

"Alors. Sasa mule ndani muko upepo tu. Upepo nayo iko muzito?"

Watu wa kituoni hawakuelewa neno hata moja, lakini walicheka.

Clarisse ndiye aliyeniua kabisa. "Jana pneus za été, zile za kiangazi, zilikuwa wapi?"

"Ndani ya buti."

"Na sasa?"

"Kwenye cave ya maman."

"Voilà. Zile ziko na kamashini kadogo ka kupima upepo. Hizi ulinunua hazina. Jana gari ilikuwa inasikia zile za ndani ya buti. Leo inazitafuta, haizioni, ndiyo taa inawaka."

Nilikuwa nimemsingizia mama wa watu, na ushahidi nimemwekea stoo kwake. Nikasahau mila, nikamtazama usoni. "Maman, pardon." Akapanda tena, palepale nyuma kulia, akajiachia kwa nguvu zote. Taa ikatusindikiza mpaka Auderghem.

Kanisani, wakati wa matangazo, Maman akainua mkono. Nikajua posa imekufa, nikaanza kutafuta mlango kwa macho. Akasimama, akaninyooshea kidole, mimi na suti yangu ya buluu.

"Bandugu, mumuone ule mwenye costume ya bleu. Ule ni mukwe yangu. Kuanzia leo anaitwa Papa Kilo."

Kisha akasimulia yote, na Tonton akamsaidia pale alipokosa pumzi. Kanisa likalala chini kwa kicheko. Pasta alishika meza.

Basi nilitoka nyumbani monsieur, nimerudi mkwe, na furaha ninayo, sikatai. Ila baada ya ibada akina mama wote waliotaka lifti walipanga mstari wakiuliza, "Papa Kilo, gari itaniruhusu?"

Naomba msicheke. Atakayecheka nitampakia nyuma kulia.