Dawa ya Shamba la Magadi

Siku Asali alipoona lundo la dari za jipsamu zilizobomolewa na kutupwa nyuma ya benki, mate yalimjaa mdomoni. Wengine waliona takataka nyeupe. Yeye aliona pikipiki.

Tapeli huyu alikuwa na shida moja tu, usafiri. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, miguu yake mizito. Mwaka ule wateja wenye hasira walikuwa wamemkimbiza na kumkamata mara mbili, na mara ya pili aliyemkamata alikuwa mama mjamzito mwenye ndoo kichwani. Sasa, pembezoni mwa mji aliishi mjane mmoja, mstaafu aliyefagia ofisi ya kilimo miaka thelathini. Mjane huyo alikuwa na shamba la magadi lisiloota hata magugu, na pikipiki ya marehemu mumewe.

Asali alimwendea amevaa koti jeupe la muuza nyama, limefuliwa likatakata. Alichota udongo, akautia kwenye chupa ya maji, akatikisa. Maji yakawa kama chai ya maziwa, yakakataa kutulia. Kisha akanyunyizia unga wa dari alioutwanga kwenye kinu cha mama yake. Punde tope likakaa chini, maji yakang'aa juu. Mchezo huo aliuokota siku aliponawa vumbi la dari kwenye ndoo ya maji machafu. Kwa nini ilikuwa hivyo, hakuuliza. Sayansi aliwaachia wasio na shughuli.

“Dawa ya ng'ambo hii, Shangazi. Nikufungie magunia mangapi?”

“Magunia ya nini, mwanangu? Nataka shamba zima lifanye kama hiyo chupa. Likifanya, pikipiki yako.”

Akainua ncha ya turubai lililoifunika. Taa ilimeta, na tangi lilikuwa jekundu kama pilipili. Asali hakuinama kuangalia zaidi. Hiyo ndiyo kanuni tukufu ya kazi yake: ukikagua sana mali ya mtu, naye atakagua yako.

Basi, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Asali akafanya kazi. Alisomba dari kwa mkokoteni, akatwanga mpaka nyusi zikawa nyeupe. Shangazi alikaa kivulini, akimsimamia.

“Bandua karatasi kwanza! Haya, sasa mwaga mabua ya mahindi na pumba za mpunga, ulime uchanganye.”

“Dawa yangu haihitaji mabua, Shangazi.”

“Udongo ndio unaoyahitaji. Umekaza kama roho ya mwenye nyumba. Lima!”

Kila asubuhi mashine ya maji ilikoroma ndani ya kibanda cha bati, ikafurikisha majaruba. Mwanzoni maji yalituama juu kama kwenye sinia. Wiki zilivyopita yakaanza kuzama, yakitokea mtaroni yamebeba magadi. Mwezi wa tatu, mchicha ukachomoza.

Asali alichuchumaa, akaugusa kwa kidole.

“Kumbe inafanya kazi?”

“Si ni jasi hiyo, baba, hiyo hiyo jipsamu ya dari. Ilikuwa kwenye bango la ofisini, nimelisoma miaka thelathini nikifagia chini yake. Nilichokosa ni wa kuibeba tu.”

Aibu ilimpanda Asali mpaka masikioni. Yeye, na jina lake lote mjini, alikuwa ameuza kitu cha kweli! Alilivuta turubai kwa hasira. Magurudumu yapo, kiti kipo. Katikati, tundu tupu.

“Injini iko wapi?”

“Si unaisikia?”

Kibandani, mashine ya maji ikakoroma.

“Shangazi, umenitapeli!”

“Nenda kanishtaki. Usisahau kuvaa lile koti la bucha.”

Asali akaisukuma pikipiki hadi barabarani, jasho likimchuruzika, akiapa kuacha ujanja kabisa. Hatua ishirini hazijaisha, gari likasimama kando yake. Bwana mmoja mwenye kitambi akachungulia dirishani, macho yamenasa kwenye lile tangi jekundu.

“Kijana, inauzwa hiyo?”

Asali alijifuta uso, akanyoosha kola, akasogea taratibu kuliziba lile tundu kwa mwili wake.

“Hii, mzee? Hii haili mafuta kabisa.”