Faharasa ya Kitabu cha Ndoa

Jumatatu, 6 Oktoba
Mwanangu ametoka kulamba kitabu cha falsafa sasa hivi. Kalamba jalada lote, mbele na nyuma, kisha akalala. Mimi nilikisoma kurasa tatu, nikalala vilevile. Tumefanana.

Nafagia kwenye ofisi inayotoa vitabu vya wasomi: historia, dini, lugha, siasa. Mkataba wangu unaisha mwezi huu na hakuna dalili ya mwingine. Leo mhariri kalalamika kwamba mtengeneza faharasa wao amehama. Faharasa ni ile orodha ya nyuma ya kitabu, inakuonyesha jambo gani liko ukurasa gani. Kitabu cha profesa kuhusu ndoa kinakaribia kuchapwa, na faharasa hakina.

Nikaweka ndoo chini, nikasema kazi hiyo naijua. Siijui. Mdomo ulishatangulia.

Mhariri akanitazama, akaitazama ndoo, akanipa nakala ya majaribio ya kitabu, akasema nilete ya sura tatu Ijumaa. Ikifaa, nitapewa kazi hiyo na meza yake. Meza!

Jumanne, 7 Oktoba
Bi Nukta, msahihishaji wetu, anaitaka meza hiyo kwa ajili ya mpwa wake. Kaniuliza mbele ya watu kama nadhani faharasa ni orodha ya sokoni. Nikamjibu ndiyo, shoga, ila hii haina vitunguu. Wakacheka. Sikuwa natania.

Nimekata maboksi ya sabuni kuwa kadi. Kila jambo na kadi yake. Lugha ya profesa ngumu, naitafuna polepole. Kaandika "ushiriki hafifu wa wanaume katika majukumu ya kaya". Nimerudia mara nne. Kadi: Waume, uvivu wa, 41.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa. Mama mkwe ndiye anayenishikia mtoto. Nimerudi kutoka kazini nikamkuta kavaa miwani, kadi zangu mapajani. Mkononi ile iliyoandikwa: Mama mkwe, tazama Vita.

Nikasema, mama, hayo ni ya kitabuni. Akasema kitabuni kapita pia, na ukurasa wa 88 kuna mama mkwe aliyelea wajukuu sita, mbona huyo hana kadi? Nikafungua ukurasa. Yumo kweli. Nilimruka.

Nikaandika: Mama mkwe, wema wa, 88. Akaniambia, mwanangu, andika kwa herufi kubwa. Nikaandika kubwa. Kisha tukazipanga zote kwa alfabeti, yeye na mimi, mtoto kakaa ndani ya boksi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Profesa kaja mwenyewe. Kasoma kadi moja moja. Alipofika kwa waume wavivu akafungua ukurasa wa 41, akavua miwani, akasema kumbe ndicho alichoandika yeye.

Nikapumua. Mapema mno. Akauliza wasomi wenzake wako wapi, maana amewataja zaidi ya hamsini. Nikasema niliwaacha, profesa, humo ndani hakuna hata mmoja aliyeoa wala kuolewa. Bi Nukta akakohoa kwa furaha.

Mhariri akaamua: wasomi wote waingie, uvivu utoke. Profesa akaomba uvivu ubaki, ukabaki. Na meza nimepewa, miezi mitatu ya majaribio! Iko jirani na choo, lakini ina droo.

Mhariri kanivuta pembeni. Nisiseme tena kwamba najua nisichokijua. Nikaapa.

Jumatatu, 13 Oktoba
Wasomi thelathini wameshaingia. Mchana mhariri kauliza nani anaweza kuchora ramani za kitabu cha historia ya misafara. Wote wakainamia karatasi zao. Nikasema mimi, ramani ndiyo kazi yangu ya tangu zamani.

Si uongo sana. Niliwahi kumchorea shangazi njia ya zahanati, na alifika, ingawa jioni. Mhariri kashika kichwa, akasema nimwonyeshe moja kesho.

Nimeanza na mito, naona ndiyo rahisi. Mama mkwe ananiita, mtoto kaamka. Nakuja, mama, namalizia mto mmoja tu, umeanza kupanda mlima na sijui nitaushushaje.