Gauni la Bibi wa Tabora

Jumapili, 10 Novemba
Nina hasira mpaka kalamu inachana karatasi. Jumatano kuna maonyesho ya akina mama hapa Ibra: mavazi ya mchana ya bibi zetu wa miaka mia mbili nyuma. Vazi litakaloshinda litawekwa kwenye kabati la kioo la makumbusho ya Nizwa, na kadi yenye jina la ukoo. Jirani yangu Ghanima kasema mbele ya wanawake kumi kwamba sisi wa Tabora tusijisumbue, tulikuja Oman na begi moja. Begi moja! Jina letu litakaa kwenye kioo kile, wallahi.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimetafuta kwenye simu nguo za kike za mwaka 1810. Ikaja picha: gauni jeupe la melimeli, mikono imefura, kiuno kimepanda hadi chini ya kifua. Nimelishona siku nzima. Mume wangu Yaqoob kauliza bibi alikuwa na mimba ya miezi mingapi. Hakupata chakula.

Jumanne, 12 Novemba
Gauni linang'aa kwa upya. Nimelipaka chai ya rangi lizeeke. Tambara nimelipata chini kabisa ya sanduku la Mama: kitambaa cha nili, kikuukuu, kinanuka karafuu. Nikakichana katikati. Nusu ya kupakia chai, nusu ya kufungia gauni. Mama alikuwa kalala, sikumsumbua.

Jumatano, 13 Novemba
Ghanima kaleta suruali ya marinda ya bibi yake, kaisimamia kama askari. Daktari Tahira, mwanahistoria kutoka Maskati, kaligeuza gauni langu mara mbili. Akauliza bibi wa Tabora alilipataje gauni la mchana la mabibi wa Uingereza. Nikamwambia alikuwa mtu wa kupokea wageni. Ghanima kacheka hadi kakaa chini.

Kisha daktari akaliacha gauni, akashika tambara. Akasema ni kanzu ya mchana, nili na hariri, ya zama zenyewe hasa. Nani kaichana?

Mama akasogea na miwani yake. Hakupiga kelele. Alisema ni ya bibi wa bibi yake. Walipoondoka Tabora begi lilikuwa dogo, yeye Mama akaacha dhahabu, akaibeba kanzu hiyo. Hapo moyo ulinichoma. Ghanima akalia. Analia nini? Bibi ni wangu.

Alhamisi, 14 Novemba
Mama hasemi nami. Nusu zote mbili zinakwenda Nizwa, kadi ina jina letu. Ghanima kamletea Mama halwa, wamejifungia chumbani tangu asubuhi. Hasira zinanila. Yote haya kayaleta yeye na begi lake.

Daktari kapiga simu. Doa kwenye nusu moja halitoki, anauliza ni la nini. Nimemwambia aandike kwenye kadi: chai ya mwaka 1810.