Orodha ya Marejeo Isiyojua Wakubwa

Bangale
12 Agosti 1998

Kwa Bwana Mkuu wa Idara ya Utafiti,
Chuoni.

Assalaam aleikum, na pole kwa kazi ya kusahihisha.

Mimi ni Mwalimu Kassim Bishara, mwanafunzi wako wa stashahada kwa njia ya posta. Ulinirudishia utafiti wangu kuhusu njia za ng'ombe kufika Mto Tana, kwa sababu orodha ya marejeo haikufuata mwongozo wa chuo. Sasa imeufuata. Bi Kavumbi, mpiga chapa wa Garsen, ameiingiza yote kwenye kompyuta, na yaliyonipata ni haya:

1. Mwongozo unataka jina la mwisho litangulie. Kwetu Waorma jina la mwisho ni la babu. Mzee Dida Hamdi Zakaria, aliyenisimulia sura tatu nzima, amekuwa "Zakaria, D. H." Huyo Zakaria ni marehemu tangu kabla ya Uhuru. Wajukuu zake wamekuja kuniuliza kwa nini babu yao amezungumza na mimi, wao akawaacha. Ilibidi nichinje mbuzi, isomwe khitma.

2. Mahali pa mwaka pameandikwa "h.t.", yaani hakuna tarehe. Mzee Dida amekasirika. Anasema tarehe anayo, alizaliwa mwaka wa ndui, na Bangale nzima inajua.

3. Hili ndilo lililoniuma hasa. Kompyuta imepanga majina kwa alfabeti. Juu kabisa amekaa "Barisa, M. G.", ambaye ni Mahamed, mtu wa miaka arobaini asiyethubutu kugusa kikombe cha chai kabla ya wazee. Mzee Dida yuko mwisho, chini ya kijitabu cha dawa ya kupe! Najua mkubwa ni jalala, lakini jamani, si kwa kiasi hicho. Kwetu mkubwa ndiye anayeanza kunena. Bi Kavumbi amempandisha mara nne, na kompyuta imemshusha mara nne. Haikulelewa hiyo.

4. Wazee sasa wanataka maneno yao. Nikiwarudishia, utafiti unabaki jalada na shukrani. Nisipowarudishia, Bangale hakukaliki. Na tarehe 31, siku ya mwisho ya kuwasilisha, ikipita narudia mwaka, nami nina miaka hamsini na miwili.

Kwa hiyo naomba kwa unyenyekevu marejeo yapangwe kwa umri, na chuo kiwaandikie watengenezaji wa kompyuta waongeze kitufe cha heshima.

Nisalimie walimu wote, karani wako, na yule bawabu aliyenipa kiti. Watu na mifugo hawajambo, ila barabara bado inaugua tangu mafuriko ya Elnino.

Wako mtiifu,
Kassim Bishara

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha niliwaita wazee wanipangie orodha wenyewe, mkubwa hadi mdogo. Leo ni siku ya tatu. Mzee Kuno naye anasema ni wa mwaka wa ndui, tena ile ndui ya kwanza. Yeye na Mzee Dida hawasalimiani. Tafadhali, Bwana Mkuu, alfabeti inatosha. Naambatisha marejeo kama kompyuta ilivyoyapanga. Wasimulizi wote wameridhia na kutia dole gumba, wa kwanza akiwa Mahamed.