Nani Atangulie Kwenye Afishi

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Habari kubwa! Jeancy, kijana wa parokia yetu hapa Dilala, anaandaa jioni ya wanamuziki wapya wa Kolwezi. Ni Jumamosi, ukumbi wa parokia. Nimekwenda mbio kutuandikisha, mimi na rafiki yangu Tshiamala. Jeancy aliziangalia mvi zangu akauliza, kwa heshima, tata, upya wenu uko wapi. Nikamweleza: kwenye arusi watu wanakula, kwenye matanga wanalia, hakuna aliyewahi kukaa akatusikiliza tu. Kwa hiyo ni wapya kabisa. Akacheka, akatuandika.

Tshiamala anapiga gitaa. Mimi nagonga chupa ya fanta kwa msumari. Chupa ya kioo, ya zamani. Siku hizi zote ni plastiki. Watu wanadhani kugonga chupa ni kazi ndogo. Wajaribu!

Jumanne, 8 Oktoba

Ugomvi. Jeancy anataka jina la kuweka kwenye afishi, tangazo la kubandika ukutani. Nimependekeza "Kabemba na Tshiamala". Tshiamala anasema gitaa ndilo linaloanza wimbo, basi yeye atangulie. Nikamwambia aliyetafuta nafasi ni mimi, tena K iko mbele ya T, hata mtoto wa shule anajua. Akanijibu: "Ni kweli, Kabemba. Hata Kaini njo anatangulia mbele ya Abeli."

Mke wake, mama Kapinga, alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Nimeondoka bila kumaliza bukari, ugali wangu. Na kulikuwa na samaki.

Jumatano, 9 Oktoba

Mazoezi kwake. Mazoezi gani! Kila nikitaja afishi, anakohoa. Mbinu hiyo naijua: nimhurumie, nimwachie mstari wa juu. Amekohoa hata katikati ya wimbo, akalaza gitaa, akashika ukuta. Mwigizaji hodari.

Nyumbani Odile, mke wangu, kaniambia: "Ule muntu iko mugonjwa. Hauone suruali inamuanguka?" Nimemwambia ni mkanda mbovu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mpango! Nimempata Muteba, kijana mwenye gitaa la umeme lenye vitufe kama vya rubani. Tshiamala nimemwambia jioni imeahirishwa. Akasema sawa, vizuri, atapumzika kidogo. Akauliza mbona nimebeba suti. Nikasema naipeleka kwa fundi.

Afishi imetoka. KABEMBA! Chini yake, kwa herufi za sisimizi: na Muteba. Nimepita mbele yake kwa moto, pikipiki ya kukodi, nikamwomba dereva arudi tupite tena, polepole. Akauliza kama ni afishi ya uchaguzi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Sitaki kuandika. Naandika.

Ukumbi ulijaa. Msichana anaitwa Falonne aliimba wimbo wake mwenyewe, juu ya nyumba yao kule Kasulo, baba alivyochimba kobalti chini ya kitanda mpaka ukuta ukapasuka, na mama anaendelea kufagia. Watu kimya. Nikasema moyoni: huu ndio ukumbi wangu.

Tukapanda. Muteba akaanza, mimi nikaingia, na umeme ukakatika. Giza! Gitaa la Muteba likawa ubao. Mimi sikuacha. Ting, ting-ting. Hakuna aliyekula, hakuna aliyelia. Ukumbi mzima ulikaa ukasikiliza, kama nilivyotamani maisha yangu yote, na cha kusikiliza kilikuwa chupa.

Halafu nyuma kabisa, mtu akakohoa.

Kikohozi kile nakijua. Simu zikawashwa. Tshiamala, benchi la mwisho, gitaa lake mapajani, ndani ya mfuko. Gitaa lisilohitaji umeme wa mtu yeyote. Mama Kapinga alikuwa ameiona afishi sokoni.

Hakunitukana. Mlangoni alisema tu: "Umekimbia, Kabemba. Kama mi siko, chupa yako inakimbia."

Wivu huo!

Jumapili, 13 Oktoba

Odile hasemi nami tangu misa. Lazima niende kwa Tshiamala. Lakini nitaendaje bila kuomba msamaha? Mpango: nitachora afishi mpya, jina lake juu, langu chini. Langu kubwa zaidi kidogo. Nitaenda Jumatano. Kwani haraka ya nini? Si yeye mwenyewe aliyesema ninakimbia?

Jumatano, 16 Oktoba

Nimefika na karatasi yangu. Nje, viti vimepangwa. Turubai limefungwa. Nikajiuliza nani anaoa Jumatano.

Mama Kapinga aliniona, akakaa chini kwenye vumbi.

Alfajiri, wanasema. Aliomba maji ya moto. Yalipochemka, hakuwepo tena.

Nilikunja afishi, nikaitia mfukoni. Rangi haikuwa imekauka. Imechafua suti.

Ijumaa, 18 Oktoba

Tumemzika. Kwenye matanga vijana wa Jeancy waliimba, nami nikagonga chupa. Polepole. Polepole sana, mpaka Falonne akageuka kunitazama. Sikukimbia hata mara moja. Lakini watu walikuwa wanalia, hawakusikiliza, na yule ambaye angesikiliza alikuwa ndani ya sanduku.

Kaburini nimemwahidi, kwa sauti, wote wakisikia: Tshiamala atangulie. Herufi kubwa. Milele.

Mama Kapinga kanipa gitaa. Nikamwambia sijui hata uzi mmoja. Akasema anajua sijui. "Likae tu karibu yako, tata. Likuangalie usikimbie."

Jumatatu, 28 Oktoba

Jeancy anaandikisha tena, kwa jioni ya Novemba. Nimemweleza nataka viti viwili: kimoja changu, kimoja cha gitaa. Nitagonga, na pale gitaa linapopaswa kuingia, nitaliachia nafasi yake. Jeancy aliandika viti viwili, kisha akauliza jina la kikundi.

Nimeshika kalamu. Nimeandika T. Nikaitazama ile T.

Nimeikata. "Kabemba na Tshiamala." K iko mbele ya T, hata mtoto wa shule anajua.

Jeancy akasema taratibu: "Lakini tata, uliahidi kule kwenye kaburi. Shiye bote tulisikia."

Nikamwambia kama Tshiamala hapendi, akuye hapa mwenyewe tugombane.

Nikangoja kidogo, nikilitazama benchi la mwisho. Hakuna aliyekohoa.